Mgeni wa Mjadala wa Dini Si Kuku wa Kuchinjwa

Leo tuweke siasa kando kidogo, tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunafanya usiku tukiwa kitandani na bando la mwisho: mijadala ya dini. Zile laivu za Mkristo na Mwislamu zinazoanza saa tatu usiku na kuisha saa nane. Yale magrupu ya WhatsApp ya Sabato na Jumapili. Utatu, Maria, fungu la kumi, kama Mungu yupo ama hayupo. Mimi ni mtu wa huko. Niliacha chuo mwaka wa pili lakini kusoma sikuacha, na mengi ninayojua kuhusu Biblia, Kurani na historia ya dini zetu nimeyapata nikifuatilia watu wakibishana.

Kwa hivyo msinielewe vibaya. Sitaki mijadala iishe. Sitaki tukae kwa duara tukishikana mikono na kusema dini zote ni sawa, kwa sababu sisi wote tunajua hatuamini hivyo. Nataka watu wabishane, tena kwa nguvu. Lakini kuna kitu tunawafanyia wageni ambacho lazima mtu akiseme wazi.

Tunawachinja.

Angalia vile inaenda. Mtu mpya anaingia laivu, amesikiliza dakika tano, anaandika swali. Tuseme ameuliza, "Kwani nani aliamua vitabu gani viingie kwa Biblia?" Ni swali zuri sana, hata maprofesa huliandikia vitabu. Jibu anapata? Wapi. Kwanza anaulizwa yeye ni dini gani. Akisema Mkristo, anaulizwa dhehebu. Akisema Katoliki, nusu ya laivu inacheka. Mwenye laivu anamwambia, "Panda juu kama wewe ni mwanaume." Anapanda, maiki inafunguliwa, na kabla hajasalimia amerushiwa mistari sita kutoka vitabu vinne. Anakwama. Anasema "aah, hapo sijui." Basi imeisha. Hiyo "sijui" inakatwa inakuwa kipande cha sekunde 20 chenye maandishi mekundu, "MKATOLIKI APIGWA NA BUTWAA." Zawadi zinadondoka. Mgeni anatoka, na harudi tena.

Sasa niambie, hapo Mungu wa nani ametukuzwa?

Tuwe wakweli kuhusu pesa pia, kwa sababu mimi ni mtu wa maudhui na naijua hii biashara. Kipande cha watu wawili wanaojua kazi yao wakijibizana kwa heshima kinatazamwa na wachache. Kipande cha mtu akiaibika kinatembea. Kwa hivyo mgeni ambaye hajajiandaa si usumbufu kwa mwenye laivu. Yeye ndiye mali. Watu wengine hawangoji wageni wajifunze, wanangoja wageni wakwame. Ukishajua hivyo utaelewa kwa nini mambo hayabadiliki hata kila mtu akisema "tuheshimiane."

Na tabia hii haikuanzia kwa simu. Waulize wazee wako kuhusu mihadhara. Kuanzia miaka ya 1980, Tanzania na hapa kwetu Kenya, mihadhara ya hadharani ilishika moto: uwanja, meza, spika kubwa, Biblia na Kurani zimepangwa, mhubiri anaongea na msaidizi wake ameshika kitabu tayari. Mhubiri anataja andiko, anasema "soma," msaidizi anasoma, umati unaitikia. Nyuma ya haya yote kulikuwa na kivuli cha Ahmed Deedat, yule mzee wa Durban, Afrika Kusini, aliyezaliwa India mwaka wa 1918 na kufariki 2005. Kanda zake zilizunguka dunia nzima, hasa ile ya mjadala wake na mhubiri wa Marekani Jimmy Swaggart mwaka wa 1986. Wahubiri wengi wa kizazi kile, wa pande zote mbili, walijifunza mtindo kutoka kwa kanda kama hizo: huyu dhidi ya yule, mshindi na mshinde, umati ndio refa.

Mtindo huo ndio tumeurithi. Lakini kuna kitu kimoja muhimu ambacho uwanja ulikuwa nacho na sisi hatuna. Uwanja ulikuwa na watu wa nyuma.

Fikiria. Mtu anatoka kazini, anaona umati, anasimama pale mwisho karibu na muuza njugu. Anasikiliza nusu saa. Hakuna anayejua jina lake, hakuna anayejua dini yake. Akichoka anaenda kushika matatu. Akipendezwa, kesho anarudi na kusogea hatua mbili mbele. Wiki ya tatu ndiyo anamfuata msaidizi wa mhubiri pembeni, mkutano ukishaisha, na kumuuliza swali lake kwa sauti ya chini. Hivyo ndivyo binadamu wa kawaida anaingia kwa kitu kizito.

Kwa laivu hakuna nyuma. Ukiingia tu, jina lako linapita kwa skrini: fulani amejiunga. Mwenye laivu anakuita, "Karibu Mwanaisha, ooh, Mwislamu ameingia, Mwanaisha panda ujibu hili." Kwa grupu la WhatsApp ni mbaya zaidi, kwa sababu watu 500 usiowajua wana namba yako ya simu. Dada akiuliza swali moja kuhusu talaka, kufikia asubuhi ana jumbe kumi na moja inboksi. Tatu za kumtaka aokoke, mbili za kumtaka asilimu, na sita za wanaume ambao hawana habari na dini yoyote.

Kwa hivyo hoja yangu kubwa leo ni hiyo: mjadala wa mtandaoni umeondoa mstari wa nyuma, na kazi ya kila admini na kila mwenye laivu ni kuurudisha. Mengine yote ni mapambo.

Kabla sijasema vipi, tuongee kuhusu huyu mgeni ni nani, maana tunamchukulia kama adui aliyetumwa.

Sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6. Wakristo wa kila aina walikuwa kama asilimia 85, Waislamu karibu asilimia 11, na watu 755,750 walisema hawana dini. Hizo namba zinaficha vitu. Ndani ya "Mkristo" kuna Mkatoliki, Msabato, Mwanglikana, mtu wa Legio Maria kutoka Nyanza, Mwakorino na kilemba chake, na vijana wengi ambao jina lao la ubatizo liko kwa kitambulisho lakini kanisani walienda mara ya mwisho kwa harusi ya binamu. Ndani ya "Mwislamu" kuna Msunni, Mshia, Mwahmadiyya, na dada wa Eastleigh ambaye ana maswali lakini anajua akiyauliza nyumbani patawaka. Halafu kuna wale wanaorudi kutafuta dini ya mababu, wanaotaka kujua Wakikuyu waliomba vipi wakielekea Kirinyaga. Huyo akiingia kwa grupu anaitwa mshenzi kabla hajamaliza sentensi. Wanaomwita hivyo hawajui kwamba mwaka wa 1969 John Mbiti, Mkenya mwenzetu na kasisi wa Kianglikana, alitoa kitabu kizima akionyesha kwamba Mwafrika alikuwa mtu wa dini hadi kwenye mfupa, na kitabu hicho bado kinasomwa vyuo vikuu vya dunia.

Ukiwa na jina la Kisomali ni stori nyingine. Nimeona mtu akiingia, hajasema neno, na mtu anaandika "gaidi ameingia." Watu wanacheka na kuendelea. Manze, hebu tukumbushane kitu. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa, na wavamizi wakawaambia Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Yeye hakuuliza mtu dhehebu lake kwanza. Wewe na bando lako la shilingi ishirini unamwita ndugu yake gaidi kwa sababu ya jina?

Sasa, kwa nini nasema hili ni jambo zito na si adabu tu ya mtandaoni?

Kwa sababu Kenya ina watu wengi sana wenye maswali ya dini na ina mahali pachache sana pa kuyauliza. Nyumbani ukiuliza unaambiwa umeharibiwa na simu. Kanisani ukiuliza unaambiwa una roho ya ubishi. Madrasa ukiuliza vibaya unatolewa nje. Shuleni CRE na IRE ni za kupita mtihani, unakariri sababu tano za hiki na kile. Mtandao ndio mahali pa kwanza ambapo kijana wa Kilifi ama Kisii anaweza kuuliza, "Lakini hii ni kweli?"

Na sisi tulishaona gharama ya watu kukosa mahali pa kuuliza. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Tuliambiwa ni waumini waliofundishwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kesi ni ya mahakama na siwezi kuiamulia hapa. Pia sisemi kwamba grupu zuri la WhatsApp lingezuia Shakahola. Hakuna anayejua hilo. Ninachosema ni hiki: mafundisho ya namna hiyo yanaishi vizuri palipo na mtu mmoja wa kujibu na wengine wote wa kuitikia amina. Mtu aliyezoea kuuliza, "Pasta, hilo andiko liko wapi, na linasomekaje ukisoma sura nzima?" ni mgumu kumpeleka msituni. Kila mgeni tunayemcheka kwa sababu ameuliza swali "la kijinga" tunamfundisha somo moja, kwamba kuuliza kuna aibu. Halafu anaenda kwa yule ambaye hatamwaibisha kamwe, mradi tu asiulize.

Kuuliza si ujinga. Tunaijua hiyo methali tangu darasa la nne. Tumeisahau kwa laivu tu.

Najua mtanijibu nini, kwa sababu mmeshanijibu mara nyingi. Kuna anayesema, "Dini si mchezo, asiyejiandaa asije kwa uwanja wa vita." Kuna mwingine anasema, "Ukweli unauma, hatuwezi kuupaka asali." Hizi ni hoja za watu wanaopenda imani yao, na nazisikia. Ukitoa uhai wako kwa kitu, huwezi kukiongelea kama hali ya hewa.

Lakini angalieni vitabu vyenu wenyewe. Mkristo, fungua Yohana sura ya tatu. Nikodemo alikuwa mkubwa wa Wayahudi, mtu wa kuheshimika, na alimwendea Yesu usiku. Kwa nini usiku? Wengi wanaona alikuwa anaogopa kuonekana. Yaani alikuwa mgeni wa mstari wa nyuma kabisa. Swali lake pale lilikuwa la kuchekesha, eti mtu mzima atarudije tumboni mwa mama yake. Yesu hakumwambia arudi mchana mbele ya watu. Alikaa naye, akamweleza. Alimshangaa kidogo kwamba ni mwalimu na hajui, lakini hakumfukuza. Ukisoma mpaka sura ya 19, ni Nikodemo huyohuyo aliyeleta manukato ya kumzika Yesu wakati wengi wa karibu walikuwa wamekimbia. Mgeni wa usiku alikuja kuwa mtu wa mchana.

Mwislamu, fungua sura ya 80, Abasa. Kwa tafsiri mashuhuri, sura hiyo ilishuka kwa sababu ya kipofu mmoja, Abdullah bin Umm Maktum, aliyekuja kutaka kufundishwa wakati Mtume alikuwa ameshughulika na wakubwa wa Makureshi. Mtume akakunja uso. Na Kurani yenyewe ikaja na ukumbusho juu ya huyo kipofu, ukumbusho ambao Waislamu wanausoma kwa swala hadi leo. Ustadh, kama mgeni mmoja mwenye swali alikuwa na uzito huo, huyu wa laivu yako unamwitaje punguani?

Na wote wawili mnazo zile aya mnazopenda kutaja mkifungua mjadala. 1 Petro 3:15 inamwambia Mkristo awe tayari kujibu, lakini kwa upole na heshima. Sura ya 16 aya ya 125 inamwambia Mwislamu aite watu kwa hekima na abishane kwa njia iliyo bora. Mnazisoma mwanzo wa laivu kama wimbo wa taifa, halafu mnazisahau baada ya dakika tatu. Na wewe usiyeamini, usicheke sana. Nimekaa kwa magrupu yenu pia. Mtu anakuja amelelewa kanisani, ana wasiwasi wake, anaanza kufikiria, na mnamwita kondoo. Halafu mnashangaa kwa nini amerudi zizini.

Basi tufanye nini? Wahenga walishaandika sheria za grupu kabla ya simu kuja: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wacha niifuate hivyo.

Siku ya kwanza: aone, asionekane. Mgeni akiingia laivu, msalimie kwa jina kama unataka, lakini usimwite juu na usimuulize dini yake. Ni yake kusema akitaka. Kama unaendesha grupu la WhatsApp la mamia ya watu, fikiria kuhamia mahali ambapo namba hazionekani. Telegram inakuruhusu kuficha namba yako. Ama basi weka sheria moja kali, na uisimamie: hakuna kumfuata mtu inboksi kama hajakubali mbele ya grupu. Anayevunja atolewe siku hiyohiyo, hata kama ni pasta, hata kama ni ustadh, hata kama ndiye anayejua Kigiriki peke yake. Hasa huyo. Sheria ya kwanza kuvunjwa kwa ajili ya mkubwa ndiyo mwisho wa sheria zote.

Siku ya pili: aulize, asishtakiwe. Hapa ndipo tunakosea zaidi, tunachanganya swali na hoja. Mtu akisema "Yesu hakusulubiwa," hiyo ni hoja, alete ushahidi. Mtu akiuliza, "Kwa nini Waislamu wanasema Yesu hakusulubiwa?" hilo ni swali, apewe jibu. Haya ni mambo mawili tofauti. Wekeni siku ya maswali tu, jioni moja kwa wiki, ambapo kubishana hakuruhusiwi. Swali linasomwa, Mkristo anapewa dakika tatu aeleze upande wake unaamini nini, Mwislamu dakika tatu, asiyeamini dakika tatu, na hakuna kujibizana. Maswali yatumwe kwa admini ili yasomwe bila jina. Hiyo ndiyo ile sauti ya chini ya kule uwanjani mkutano ukiisha.

Hapo pia tujifunze kuuliza "kitabu gani?" kwa upole. Wageni wengi wanaaibishwa kwa kitu ambacho si kosa lao. Mkatoliki anataja kitabu cha Tobiti, Mprotestanti anacheka, "Hicho umekitoa wapi?" Buda, amekitoa kwa Biblia yake. Biblia ya Katoliki ina vitabu 73, ya Kiprotestanti 66. Wakatoliki Kenya, kwa sensa ya 2019, walikuwa zaidi ya milioni 9.7. Si kikundi cha watu waliopotea njia sokoni. Wa Othodoksi ya Ethiopia wanahesabu 81. Hata ndani ya Kiswahili, mmoja anasoma Union Version ya 1952, mwingine anasoma Habari Njema, maneno hayafanani, wanaitana waongo. Kwa Kurani ni hivyohivyo. Tafsiri ya Kiswahili ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana, ilitoka 1923. Waahmadiyya wakatoa yao 1953. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akatoa Qurani Takatifu kamili mwaka wa 1969, na ndani yake anajibu tafsiri hizo za kabla yake. Yaani tafsiri zenyewe ni mjadala! Mgeni akisoma moja na wewe unasoma nyingine, hajadanganya. Mweleze hiyo historia, utaona vile atapenda kukaa.

Na ruhusuni "sijui." Admini ndio waanze. Siku mhubiri mkubwa wa grupu akisema "hilo sijui, nipe hadi kesho nisome," wageni ishirini watapata nguvu ya kuuliza. Grupu ambalo hakuna mtu amewahi kusema sijui ni la watu wanaodanganya.

Siku ya tatu: mpe jembe. Hapa naongea na wale wapole kupita kiasi, maana wapo pia. Kumkaribisha mgeni si kumbembeleza milele. Mtu aliyekaa mwezi mzima akirusha hoja na hataki kuulizwa ushahidi, huyo si mgeni tena, ni mkaidi. Mpe kazi. Aandae mada moja ndogo. Asome sura nzima, si mstari mmoja, aje aeleze. Ama umpe kazi tamu kuliko zote: aeleze imani ya upande mwingine, na watu wa upande huo ndio waseme kama ameieleza sawa. Mkristo aeleze tauhidi mpaka Mwislamu aseme, "Naam, hivyo ndivyo tunavyoamini." Mwislamu aeleze Utatu mpaka Mkristo aseme, "Hapo umenielewa." Halafu ndio wabishane. Utaona vile nusu ya mabishano itakufa yenyewe, na nusu iliyobaki ndiyo ya maana, kwa sababu pale ndipo tunatofautiana kweli.

Na vipande? Sheria ni fupi: usikate kipande cha mgeni. Wakongwe kwa wakongwe, wakatane watakavyo, wanajua mchezo. Mtu wa mara ya kwanza, kipande chake kisitoke bila ruhusa yake. Najua ninawanyima watu watazamaji, na ninajinyima mwenyewe pia. Sawa.

Kuna mpaka pia, tusijifanye haupo. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, na Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya serikali. Lakini Kifungu cha 33 kinachotupa uhuru wa kujieleza kinasema pia kwamba uhuru huo haufiki kwa uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Kwa hivyo kumkaribisha mgeni hakumaanishi kumvumilia anayekuja kuita watu wachinjwe. Huyo hatolewi kwa sababu ameudhi, anatolewa kwa sababu amekuja kuharibu mahali ambapo wengine wanauliza.

Neno moja kwa wewe ambaye ni mgeni, unayesoma hii na hujawahi kuandika komenti hata moja kwa laivu ya dini. Huna deni kwa mtu. Ukiitwa juu, kataa. Ukiulizwa dini yako na hutaki kusema, usiseme. Tumia jina lolote. Andika swali lako kabla ya kuingia, liwe moja, na ukirushiwa mistari sita, sema, "Nilijibuni hili moja kwanza." Wakikucheka, toka, tafuta wengine, wapo. Na usiamue jambo kubwa la maisha yako saa saba usiku kwa sababu mtu mwenye maiki amekushinda kuongea. Kushindwa kuongea si kushindwa ukweli. Kuna watu wanajua kuongea sana na hawana lolote.

Na kwa admini na wenye laivu, sina haja mkubali yote niliyosema. Chukueni moja tu. Wiki hii, jioni moja, wekeni saa nzima ya maswali bila majina, bila kujibizana, bila vipande. Halafu mhesabu ni watu wangapi wamekaa kimya kwa grupu lenu miezi yote hii na kumbe walikuwa na kitu cha kuuliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wazee walisema. Mwenyeji wa mijadala yetu sahii anaumwa, tena sana, na dawa iko pale nyuma imenyamaza.

Ukishajaribu, niandikie kwa komenti ilivyoenda. Na kama una swali la dini ambalo hujawahi kuthubutu kuliuliza popote, liweke hapo chini. Hapa kwangu hakuna atakayekuuliza wewe ni wa wapi.